Nani Atamwosha Mtoto wa Chao

Kama umeambiwa leo ni kifua kikuu, na umekaa kwenye lile benchi la nje na barakoa mdomoni, hujui utaanza kumwambia nani, nakuomba usimwambie mtu kwanza. Nenda nyumbani. Anza kuosha vyombo. Angalia ni nani anaingia jikoni na kukupokea sahani mkononi, na ni nani anasimama mlangoni kukuuliza unaendeleaje. Huyo wa sahani ndiye utamwambia. Mimi nilimwambia wa mlangoni, ndiyo maana naandika.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliachia darasa la tano huko milimani, nikateremka Voi kufanya kazi kwa nyumba za watu. Kile ninachojua nimekijua kwa mikono. Na nitataja majina. Pasta Mjomba aliniambia nisitaje, ati nitauvunja mwili wa Kristo. Mwili uliovunjika ulikuwa wangu, na yeye hakuja kuuona. Nataja.

Kwa miaka mingi mimi ndiye nilikuwa nafagia kanisa letu kila Jumamosi. Nafua kile kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, napiga pasi, halafu naosha vile vikombe vidogo vya ushirika, kimoja kimoja, maji ya moto. Sijui kuhubiri. Nikiambiwa niombe kwa sauti mbele za watu nakwama kama punda kwenye mchanga. Lakini nipe ufagio, mimi na Mungu tunaelewana. Kufagia kwangu kulikuwa kutubu. Unaanza na pembe ambazo hakuna anayeziangalia, chini ya viti vya wazee wa kanisa, mle mna maganda ya njugu na buibui, halafu mlango unaumalizia mwisho. Mtu anayeanza na mlango, huyo anawafagilia watu. Na maharagwe nikiyachambua nilikuwa najiambia hivi ndivyo moyo unavyochambuliwa: jiwe moja ukiliacha kwa sababu linafanana na haragwe, litakuja kumvunja mgeni jino. Hayo ndiyo mahubiri yangu. Sikuyahubiri kwa mtu yeyote, niliyafanya tu.

Kikohozi kilianza kiangazi, ule wakati Voi yote inakuwa nyekundu kwa vumbi na kila mtu anakohoa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Nilikunywa tangawizi. Nilikunywa mwarobaini. Usiku nalowa jasho mpaka godoro linalowa. Halafu kanga ikaanza kunizunguka mara mbili, na siku moja nikifua nguo, pete yangu ya ndoa ikateleza yenyewe ikaingia kwenye karai. Hapo ndipo nilikwenda hospitali. Wakanipa kikopo nikatema, nikarudi, nikangoja, nikaitwa kwenye kile chumba ambacho madirisha yake yote yako wazi hata mvua ikinyesha.

Yule sista alikuwa mzuri, simsemi vibaya. Alinieleza dawa ni za miezi sita, nisiruke hata siku moja, na nitafute mtu wa kuniangalia nikimeza.

"Mzee wako yuko?"

"Yuko Miasenyi, anaziba pancha za malori. Hurudi Jumamosi."

"Basi tafuta mwingine. Mtu unayemwamini."

Nilimtaja Mkawasi. Mama Lenjo. Sikufikiria hata mara mbili. Mkawasi alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama pale kanisani na mwenzangu wa maombi. Tumefunga pamoja, tumekesha pamoja, mtoto wake wa pili alizaliwa mikononi mwangu, bodaboda ilipochelewa. Nilimwambia jioni ile ile. Akanishika mikono akalia. "Mama Chao, hii tutaibeba mimi na wewe tu."

Sasa lazima nikueleze habari ya Chao, kwa sababu bila hiyo hutaelewa nilikuwa nameza dawa kwa nini. Chao ni binti yangu wa pekee, ameolewa Njukini, kule Taveta, kwa watu wa mahindi na maharagwe. Wiki ile ile niliyoanza dawa alinipigia simu akicheka na kulia pamoja, ana mimba, ya kwanza. Kwetu, mtoto wa kwanza wa binti yako unakwenda kumwosha wewe. Mama anafunga kanga zake anakwenda, anakaa mpaka kitovu kikauke na mzazi apate nguvu. Anachemsha maji, anamkanda, anapika uji, anamwosha mtoto asubuhi na jioni. Mama asiyekwenda, watu wanauliza: alikufa, au walikosana?

Nikapiga hesabu yangu. Nikimaliza dawa, mvua kubwa itakuwa imeanza, na Chao atakuwa amejifungua. Nitamwosha mtoto wa Chao. Kila kidonge nilichomeza nilimeza nikiangalia hapo tu, kama mtu anayevuka mto akiangalia mti wa ng'ambo asione maji yanavyokwenda.

Jumapili ya pili nilikwenda kanisani, nikakaa nyuma karibu na dirisha, barakoa yangu mdomoni. Sista alikuwa amenikubalia, mradi nikae penye upepo. Ikafika saa ya mahitaji ya maombi. Kwetu mtu anasimama, anashika maikrofoni, anasema: niombeeni mtoto wangu ana mtihani, niombeeni shamba langu nyani wanalimaliza. Mkawasi akasimama. Nikajua ataomba kazi ya Lenjo, maana ndiyo alikuwa anaomba kila wiki.

"Bwana asifiwe. Nina mzigo moyoni. Tumkumbuke dada yetu Mama Chao, yule pale nyuma. Amepatikana na TB. Adui ameshika mapafu. Naomba kanisa lisimame."

Kanisa lilisimama kweli. Lakini wale wa benchi langu walisimama wakaenda mbele, na maombi yalipoisha hawakurudi. Nilibaki peke yangu kwenye benchi zima, na watu wote wamefumba macho wananyoosha mikono kwangu, kutoka mbali.

Nilimngoja nje.

"Mkawasi, mbona?"

"Mbona nini, Mama Chao? Maombi ya siri hayana nguvu."

"Nilikuambia wewe. Sikuliambia kanisa."

"Kanisa ni mimi na wewe, dada. Ungetaka nidanganye madhabahuni?"

Na alikuwa anaongea huku amesimama hatua kadhaa kutoka kwangu, mtandio ameushika puani. Kuanzia siku hiyo hakuja tena kuniangalia nikimeza dawa. Sikia vizuri: mtu aliyeapa kuibeba na mimi alikuja siku chache, akaitangaza kwa maikrofoni, akakaa kwake. Lakini kanisani watu wanamsifu mpaka leo kwamba ana mzigo wa maombi.

Wiki hiyo hiyo akaja wifi yangu Mshai, dada wa mume wangu, na begi. "Nimekuja kukusaidia, wifi." Nililia kwa furaha, Mungu anajua. Kesho yake nikaona sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu vimewekwa dirishani, nje, na mpini wa kikombe umefungwa uzi mwekundu. Nikiingia jikoni ananiwahi: "Kaa, wifi, pumzika." Nikishika ufagio: "Acha, wifi, vumbi." Nikichukua sufuria, ananiacha nimalize, halafu namsikia anaisugua upya na jivu. Siku pete ilipoteleza tena ikaanguka kwenye maji ya vyombo, aliiopoa na kijiko, akanirushia mapajani, halafu kile kijiko akakitupa. Kijiko kizima. Nilikiona kwenye takataka kinameremeta.

Watu wanafikiri mgonjwa anataka kupumzishwa. Siku za kwanza, ndiyo. Zile dawa za mwanzo zilikuwa zinanigeuza tumbo, magoti yananiuma kama ya ajuza, miguu inachoma usiku kama nimekanyaga upupu. Lakini ukianza kupata nguvu na bado unaambiwa kaa, kaa, hapo unajua hujapumzishwa, umetolewa. Mimi Mungu nilikuwa namkuta kwenye karai. Sasa karai limechukuliwa. Nilikuwa nakaa kwenye kiti nikiwa na mikono safi, mikavu, imelala mapajani kama ya maiti, nasikiliza mwanamke mwingine akifagia nyumba yangu kuanzia mlangoni.

Nisiseme yote yalikuwa mabaya. Jirani yangu ni Bi Rukia, mama wa Kiislamu, wazee wake walitoka pwani wakati wa kujenga reli ile ya zamani. Kila siku akitoka kuswali alfajiri alikuwa anagonga dirisha langu.

"Mama Chao! Umeshakunywa?"

"Bado, Bi Rukia."

"Basi kunywa nikuone. Mimi siondoki hapa, na miguu yangu ni ya kizee, ikivimba ni dhambi yako."

Nafungua dirisha, nameza, naonyesha ulimi kama mtoto. Sikumwomba. Alisikia tu kwamba yule mwingine haji tena. Na shuka zangu za jasho alizichukua mwenyewe kambani Mshai alipoziacha ziloe mvua. "Mwanamke wewe, umelala kisimani?" Akazifua, akazirudisha zimekunjwa, zina harufu ya udi. Nililala kwenye udi wa Bi Rukia nikamwomba Yesu ambariki, na sikuona shida yoyote.

Na pale kwenye benchi la dawa kulikuwa na mzee mmoja wa Salaita, amekuja kukaa kwa mwanawe hapa Voi, tulikuwa tunakutana siku za kuchukua dawa. Siku ya kwanza aliniona nimekaa nimejikunja akaniuliza kwa sauti ambayo benchi lote lilisikia: "Mama, mkojo ushakuwa wa rangi ya soda?" Nikajifunika kanga kwa aibu. "Usiogope. Ni dawa. Mimi wangu ulipogeuka nilijua nimelogwa, na nina wake wawili, nikashindwa nianze kumshuku nani." Benchi zima lilicheka mpaka likakohoa, na sista akatoka kutugombeza. Alimaliza dawa kabla yangu. Akatuaga mmoja mmoja kwa kutushika mkono, na ulikuwa muda mrefu sijashikwa mkono.

Mvua za vuli zilipoisha, sista aliangalia makohozi yangu tena akaniambia, "Mama, sasa humwambukizi mtu. Kula na watu wako. Pika. Dawa tu usiache." Nilirudi nyumbani kama nimebeba habari ya pasaka. Ilikuwa Jumamosi, Baba Chao amekuja.

"Baba Chao, daktari amesema sasa niko sawa, naweza kupika."

Alimwangalia dada yake kwanza. Mume wangu Mwakio ni mtu mpole, hajawahi kunipiga, na upole wake ndio uliniua. "Sawa," akasema. "Lakini tusiharakishe."

"Amesema daktari."

"Daktari halali hapa," Mshai akasema akiwa jikoni. Mwakio akacheka kidogo, akainama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Basi nikachukua ufagio wangu wa kanisani nikaondoka. Ilikuwa siku ya usafi. Nikasema, hawa wa nyumbani ni wa mwili, wacha niende kwa wa roho. Nikamkuta Mkawasi na wengine wawili wanapanga vikombe vipya vya plastiki kwenye trei.

"Vile vya kioo viko wapi?"

Mkawasi akasema, "Mama Chao, kamati ilionelea upumzike."

"Vile vya kioo, Mkawasi."

"Vilikuwa vimechakaa."

Nilizunguka nyuma, kwenye shimo la taka. Vilikuwa humo. Walijaribu kuvichoma pamoja na kile kitambaa cheupe. Kitambaa kiliungua, kimebaki ukingo ule niliokuwa nimeushona mimi. Kioo hakiungui. Kilipasuka tu. Nilisimama pale nikiangalia vikombe nilivyoosha miaka yote, na hao hao wakanywea miaka yote, nikiwa mzima na nikiwa mgonjwa bila kujua. Pasta Mjomba akatoka akaniona. Akasema, "Mama, usilichukulie vibaya. Ni kwa ajili ya amani ya waumini." Hakuuliza daktari amesema nini. Hakuuliza naendeleaje. Alirudi ndani.

Miezi baadaye, nilipopona, alinipigia simu nije nitoe ushuhuda jinsi maombi ya kanisa yaliniponya. Naliweka jambo hili hapa ili nisimalize na yeye. Nilimwambia, "Nitakuja, Pasta. Nitaanzia kwenye shimo la taka." Akasema tutapanga. Hajapanga.

Kaskazi ikapita na joto lake. Dawa zikawa chache, mwili ukaanza kurudi, kwanza mashavu, halafu mikono, pete ikakaa. Kila siku niliyopanda mizani sista alikuwa anasema, "Eeh, mama!" Nikawa napiga simu kwa Chao kila jioni. Anakula nini, miguu imevimba, mtoto anacheza. Namwambia, "Nakuja, mama." Anasema, "Njoo, Mama." Halafu ghafla simu zikawa fupi. "Nimechoka, Mama. Tutaongea." Nikajua ni mimba.

Haikuwa mimba. Mkawasi alikuwa amempigia. Nilikuja kujua baadaye kwa Chao mwenyewe. Alimwambia, "Mwanangu, nakupenda kama wangu ndiyo sababu nakuambia. Hii ya mamako ni ile sugu, isiyosikia dawa. Anaficha kwa sababu ya hamu ya mjukuu. Mapafu ya mtoto mchanga ni kama karatasi. Niliombea nikasikia nikuambie." Alisikia kutoka wapi, ile sugu? Hakuna daktari aliyesema. Aliitengeneza mwenyewe akiwa amepiga magoti.

Mvua kubwa ilinyesha mapema. Nilimaliza dawa asubuhi ya mawingu, sista akaandika umepona, akapiga muhuri, akanikumbatia. Nikapita sokoni nikanunua kanga moja ya mtoto. Nafika nyumbani, Mshai hayupo. Begi lake halipo. Mwakio amekaa nje, siku ya kazi, hakwenda Miasenyi.

"Mshai yuko wapi?"

"Ameenda Njukini. Chao amejifungua. Mvulana."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi. Na mimi nilikuwa wapi juzi, Mwakio? Si nilikuwa hapa? Hata leo asubuhi si uliniomba chumvi?"

"Nilitaka umalize dawa kwanza bila wasiwasi."

"Ulimsindikiza?"

Alikuwa amemsindikiza stendi alfajiri, mimi bado nimelala. Alimbebea begi. Mume wangu alibeba begi la mwanamke anayekwenda kuosha mjukuu wangu, akarudi nyumbani akaniomba chumvi kwenye yai.

Sikupiga kelele. Niliingia jikoni kwangu, nikafungua ule uzi mwekundu kwenye kikombe, nikautia motoni, nikafunga kanga zangu nikaondoka.

Njukini nilifika jioni, matope mpaka magotini. Mshai akatokea mlangoni na mtoto begani, akarudi nyuma haraka. "Wifi! Umefika? Kaa hapo nje kwanza upate hewa." Hewa! Nimekuja na hewa yote ya Tsavo kichwani. Nikampita. Chao alikuwa kitandani, mweupe kama unga, macho makubwa. Nikamshika uso. Aliniacha nimshike, lakini nilimsikia amekaza shingo.

"Mama, pole na safari."

"Nimemaliza dawa, mama. Nimepona. Maji yako wapi, nimwoshe?"

Akaangalia ukuta. "Shangazi ameshaanza kumwosha, Mama. Ngoja kidogo."

Mimi niliambiwa mambo mengi mwaka ule. Hilo ndilo lililoingia.

Nilitoka nyuma. Kulikuwa na ndoo ya nepi, imekaa tangu asubuhi, inzi wanazunguka. Nikainama nikaanza kufua. Hakuna aliyekuja kunizuia. Angalia vile binadamu alivyo: mkono wangu ukigusa sahani ni sumu, ukigusa mavi hakuna neno. Siku nne nilikuwa huko nyuma. Nachota maji, nafua, naanika, nachanja kuni, napalilia hata kiunga cha maharagwe, na ndani Mshai anaosha mtoto, nasikia maji, nasikia akilia, nasikia Mshai anamwimbia wimbo niliomfundisha Chao.

Watu wa kanisa watauliza, je, umesamehe? Nitakuambia kama ninavyojua kufua. Nguo inaweza kuwa imeshatakata, uchafu umetoka, lakini kama hujaisuuza ukiivaa inakuwasha. Mimi nimefua. Kusuuza bado. Tukiomba Sala ya Bwana, tukifika pale pa kusamehe waliotukosea nanyamaza, naangalia chini, wenzangu wanaendelea, halafu naungana nao kwenye majaribu. Mungu anajua ni kwa nini nanyamaza. Afadhali anione nimenyamaza kuliko anisikie nadanganya. Na kama nawe umeachwa na watu wako ukiwa na ugonjwa huu, usikubali mtu akuharakishe. Wewe meza dawa. Hata kama unameza kwa hasira, meza. Mimi zangu nyingi niliteremsha kwa hasira na zilifanya kazi vile vile.

Siku ya nne, mchana, nilikuwa nimekaa kwenye kigogo nyuma ya nyumba nakula kimanga, ndizi na maharagwe nilivyoponda mwenyewe kwa jiko la nje, maana kwa lile la ndani Mshai alikuwa amesimama kama askari. Chao akatoka. Anatembea polepole, mkono ukutani. Sikujua anataka nini. Akakaa kando yangu kwenye kigogo.

"Mama, sogea."

Nikasogea. Akatia mkono kwenye sahani yangu, akamega, akala. Akamega tena. Mzazi anayenyonyesha ana njaa ya simba.

Mshai akachungulia. "Chao! Hiyo ni ya mamako!"

"Najua, shangazi. Ya kwako haina chumvi."

Nilicheka, na nikiwa nacheka machozi yanatoka. Chao anakula, hanitazami. Halafu akanieleza ile simu ya Mkawasi, yote. Nikatoa kadi yangu ya hospitali kifuani, ilikuwa imelowa jasho. Hakuichukua. "Sitaki kuona karatasi, Mama. Nimekuangalia dirishani siku zote hizi. Unafua huku unaongea na Mungu vile ulikuwa unafanya nikiwa mdogo. Hukohoi hata mara moja. Mimi ndiye mjinga." Nikamwambia mjinga si yeye. Nikamtajia mjinga.

Asubuhi yake Mshai aliweka karai katikati ya chumba kama kawaida, akakunja mikono ya blauzi. Chao alikuwa ameketi kitandani na mtoto. Akanyanyuka naye, akampita Mshai, akaja mpaka mlangoni niliposimama na kuni, akaniambia nitue. Nikatua. Akaniwekea mtoto mikononi. Alikuwa mwepesi, wa moto, ana nywele mpaka masikioni, amekunja uso kama mzee wa baraza.

Nikapiga magoti kwenye karai. Nikapima maji kwa kiwiko. Mshai alikuwa bado amesimama pale pale, sabuni mkononi.

"Shangazi," Chao akasema, "mpe Mama sabuni."

Mshai akaishika kwa ncha za vidole viwili, akaninyooshea. Niliipokea kwa kiganja kizima.